Bluu ya Begani

Tulitoka sinemani saa tatu na robo, lami imelowa,
Kyengo akatema ganda la njugu, akasema: "Mkakasi."
Hakumaliza methali. Sisi wa Grogan hatuimalizi,
kile kipande cha mti kila mtu ameshakishika kwa mkono wake.

Yeye fundi wa injini. Mimi fundi wa rangi.
Miaka kumi na mmoja tunagawana kibanda kimoja,
yeye chini ya gari, mimi juu yake,
na kila mteja ni kesi kati yetu.

"Niambie basi, yule askari wa mwaka elfu mbili mia moja na tisini
alikuwa anatafuta nini?"
Nikasema, binti yake.
Akasema, binti alipatikana nusu saa ya kwanza.
Basi moyo. Ule wa chuma, wa kwenye jokofu.
"Moyo wa nani?"
Nikanyamaza. Kweli sikujua.
Risasi elfu zilimkosa, moja ikampata pajani,
akapata nafasi ya kutuhutubia juu ya utu,
mara tatu, maneno yale yale,
huku ghorofa linaloanguka likimsubiri kwa adabu amalize.

Yote hayo nakubali. Sina wakili.
Lakini Kyengo, lile roboti lilipopiga goti mvuani
(wewe ulikuwa umelala, nilikusikia ukikoroma)
lilipopiga goti, na maji yakateremka begani,
ile bluu haikuwa bluu ya mkebe.
Chini yake palikuwa na kijivu cha alfajiri,
juu yake zambarau kidogo, ya maua ya jakaranda
yaliyokwisha kukanyagwa na wenda kazini.
Kuna mtu alikesha akiipiga koti baada ya koti,
akaisugua kwa msasa wa maji, akairudia.
Mtu huyo hakuandika hadithi.
Usimchape kiboko kimoja na mwandishi.

"Gari lisilowaka," akasema Kyengo, "ni kabati."

Nikamkumbusha Datsun ya Mama Khavere wa Umoja.
Injini iliuzwa kulipa hospitali, na mume akazikwa vilevile.
Akaniambia: ipake ile ya maziwa, aliyoipenda.
Nikaipaka. Haikwenda popote.
Jumapili huketi ndani, kiti cha abiria,
kikombe cha chai juu ya dashibodi.

Kyengo alitembea hadi kona bila neno.
Kisha: "Mama Khavere hakulipa asafirishwe.
Mimi nilitoa mia sita nisafiri."

Hapo alinipata.
Nilitafuta jibu Mtaa wa Latema wote,
nikakuta taa ya duka la dawa, kijani,
imelala chali ndani ya dimbwi, inatetemeka,
na ukingoni mwake oili imefanya upinde wa mvua.
Nikasimama. Dimbwi hilo nimeliruka mwaka mzima.
Kyengo akanivuta kola:
"Utagongwa, profesa wa madimbwi."

Leo asubuhi nimeharibu nusu lita ya rangi ya watu.
Bati la kwanza limetoka sare ya shule.
La pili limetoka lango la kituo cha polisi.
La tatu nimeliegemeza mlangoni, sikusema kitu,
nikajitia kutafuta kitambaa.

Saa nne Kyengo akatoka chini ya pikapu,
uso mweusi, spana mkononi.
Nikamuuliza jina la yule askari.
Hakulikumbuka. Wala mimi.
Akalitazama bati, akainamisha kichwa,
akalisogeza kwa kidole hadi kwenye jua,
yeye aliyelala, yeye aliyekoroma:

"Siyo. Ile ya begani
ilikuwa na zambarau zaidi."